Wimbo Uliobaki Chini ya Pazia

"Nilikimbia nikaenda wapi? Wewe uliyenitangaza si unajua kila kitu? Haya, nitajie nilikokwenda."

Mtangazaji alishusha kikombe cha chai polepole, kama mtu anayeogopa hata mlio wa kikombe utamponza. Hedifoni zilimning'inia shingoni. Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo aliinama ghafla kutafuta sijui nini chini ya meza, na hakuinuka tena mpaka mambo yalipokwisha.

"Mama, karibu kiti kwanza."

"Sikai. Ningetaka kukaa ningebaki kazini, viti ninavyo tele."

Na kweli alikuwa navyo. Mwanamke huyu ni fundi wa makochi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa studio na aproni yake ya turubai, nyuzi zimemganda kwenye nywele, nyundo ndogo kiunoni. Nyundo haikuwa ya shari. Alikuwa ametoka mbio karakana, akaisahau pale pale kama mwingine anavyosahau miwani usoni. Lakini mtangazaji hakulijua hilo, na yeye hakuona haja ya kumtoa wasiwasi.

Kisa ni hiki. Kila asubuhi redio ile ilikuwa na kipindi kifupi cha wapenzi wa roki, "Siku Kama ya Leo". Mtangazaji anasoma yaliyotokea tarehe hiyo miaka ya nyuma: mpiga gitaa fulani wa ng'ambo alizaliwa, kundi fulani lilirekodi sahani yake ya kwanza ya santuri ndani ya ghala la viazi, waimbaji fulani wawili waligombana uwanja wa ndege na hawajasemeshana tena. Fundi alikisikiliza kila siku, misumari mdomoni, na hakuwahi kukosana na mtu. Asubuhi hiyo mtangazaji alipomaliza ya ng'ambo akaongeza ya nyumbani. Akasema siku kama ya leo, miaka ishirini na kitu iliyopita, kundi la hapa hapa mjini la Stuli Tatu lilipiga onyesho lake kubwa kuliko yote katika ukumbi wa manispaa, na onyesho hilo likavunjika kabla ya wimbo wa mwisho kwa sababu mpiga dramu alikimbia jukwaani. Akacheka kidogo. Akamalizia kwamba leo jioni Stuli Tatu wanarudi ukumbi ule ule, na safari hii wana mpiga dramu asiyekimbia.

Mpiga dramu aliyekimbia ndiye huyu mwenye nyundo.

"Mimi sikutaja jina," mtangazaji alijitetea.

"Stuli Tatu ilikuwa na wapiga dramu wangapi? Mmoja anapiga, wengine wanasubiri zamu uvunguni? Mji mzima unajua ni nani. Tangu useme wamepita wateja wawili kwangu. Wa kwanza kaniuliza kama bado nina mbio. Wa pili hakusema kitu, kawa anapima kochi huku mabega yanamtikisika."

"Nimeambiwa na mwenye kundi, mama. Yule mpiga gitaa."

"Mwenye kundi!" Alipiga kofi. "Shemeji yangu yule? Kundi limepata mwenyewe tangu lini? Alikuja kwangu na gitaa lenye nyuzi pungufu, akakaa juu ya stuli yangu, leo ni mwenye kundi."

Mtangazaji alikuwa mtu wa thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizonyooshwa kama kwa rula, na mjini alisifiwa kwa sauti yake laini. Aliitoa yote sasa.

"Sikiliza, mama yangu. Nitasahihisha. Kesho asubuhi, kipindi kikianza tu..."

"Kesho?"

"Asubuhi na mapema."

"Kesho ni siku ya watu wengine, mwanangu. Kesho utasoma ya kesho, nani kafa na nani kavunja gitaa. Jambo langu ni la leo. Likipita leo, nikae mwaka mzima nikiwa mkimbizi, nakusubiri wewe ufike tena tarehe hii?"

Hapo alimshika pabaya, kwa sababu utaratibu wa kufuata tarehe aliuweka mtangazaji mwenyewe na alikuwa akijivunia. Alikuna ndevu.

"Basi na mimi nina sharti. Leo jioni mimi ndiye mshereheshaji kule ukumbini, na tunarusha moja kwa moja hewani. Nafasi ipo. Lakini siwezi kulifuta neno la mtu kwa neno la mtu mwingine mmoja. Niletee mtu aliyeona."

"Walioona wote walikuwa chini ya pazia."

"Wote?"

"Wote, na mimi nikiwemo." Aligeuka aondoke. Ukuta wa studio ulikuwa umevalishwa sponji na kitambaa cha kijivu kutoka chini mpaka juu. Alibonyeza kona moja iliyoanza kufumuka. "Na hii kona mtaniita niirudishie. Huu ukuta nimeuvalisha mimi. Hiyo sauti yako laini inayonisengenya, imelainishwa na sponji langu."

Ufundi aliupata kwa mjomba. Alipomaliza shule ya msingi na ikaonekana hakuna pa kuendelea, mjomba alisema kama hakuna kiti chake darasani, basi aje atengeneze vya wenzake. Mjomba alikuwa na kidole gumba kimoja tu, cha pili kilikwenda na msumeno. Kwa hiyo alikuwa akigonga kwa mkono wa kushoto, na msichana, aliyejifunza kwa kumtazama, naye akagonga kwa kushoto. Siku mjomba alipogundua kwamba mpwa wake si wa kushoto alikuwa amechelewa, kwani mkono wa kulia nao ulikuwa umeanza kujigongea wenyewe. Akawa anashika nyundo mbili, misumari imejaa mdomoni, ulimi unaigeuza mmoja mmoja kichwa mbele, mikono inapokezana. Mpaka leo mafundi wenzake wanamwita Nyundo Mbili.

Juu ya rafu ya karakana palikuwa na redio iliyoshika stesheni moja tu vizuri, na stesheni hiyo kazi yake ilikuwa roki kutwa. Nyundo Mbili hakuchagua. Angekuta taarabu angegongea taarabu. Alikuta magitaa yanayolia kama bati linakatwa, akayazoea, kisha akayapenda, kisha ikawa makochi yote ya mji ule yamepigwa misumari kwa mapigo ya roki bila wakaaji kujua.

Chumba cha jirani walikuwa wamepanga ndugu wawili. Mkubwa alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa maneno machache, anapiga gitaa la besi. Mdogo kazi yake haijajulikana vizuri mpaka leo, ila gitaa aliliweza. Siku moja waligonga mlango kuuliza ni nani huyo anayefanya mazoezi ya dramu ukutani kwao, kwa sababu wanamtafuta mtu kama huyo. Wakakuta msichana na kochi. Wakaketi kwenye stuli mbili zilizokuwa zinasubiri kuvalishwa, yeye akaketi kwenye ya tatu, na kundi likapata jina kabla halijapata wimbo.

Yule mkubwa alimwoa baadaye, taratibu, kama anavyoendesha lori. Mdogo akawa shemeji, na utani ukaanza siku hiyo hiyo ya harusi.

Sasa, dramu kubwa ya mguu ina tabia moja. Ukiikanyaga sana inatembea. Kila pigo linaisogeza mbele kidogo, na mpiga dramu akimaliza wimbo anajikuta anaifuata kama mbuzi aliyekata kamba. Wengine wanaizuia kwa tofali. Nyundo Mbili ni fundi wa makochi, aliikalisha juu ya kipande cha zulia, akalipiga zulia misumari kwenye mbao za sakafu. Ikatulia kama imezaliwa pale.

Siku ya onyesho kubwa alifanya hivyo hivyo. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walipiga nyimbo zao zote ukabaki mmoja, nao ulikuwa wake, alioutunga mwenyewe akivalisha makochi, na alitakiwa kuuimba huku anapiga. "Kiti Kina Mwenyewe", ndivyo ulivyoitwa. Kabla ya wimbo huo shemeji akakata uzi wa gitaa. Akaomba pazia lifungwe kidogo abadilishe. Pazia likafungwa, na Nyundo Mbili akaona hiyo ni nafasi ya kuisogeza dramu mbele ili watu wamwone anapoimba. Akaiburuta mpaka kwenye kipande kingine cha zulia, akakipigilia upesi upesi kwenye giza.

Na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo asingelikosea mpiga dramu mwingine yeyote. Upindo wa pazia ulikuwa umelala juu ya zulia. Mkono wa fundi wa makochi ukikuta kitambaa juu ya ubao hauulizi. Alipigilia zulia na pazia pamoja, msumari kwa msumari, nafasi sawa, kazi safi kabisa.

Mtunza ukumbi, ambaye watu wanamwita Mzee Funguo, akavuta kamba pazia lifunguke. Halikufunguka. Akavuta zaidi. Akaita watu wamsaidie kuvuta. Chuma kilichobeba pazia kikang'oka juu, na pazia zima, lile zito la rangi ya damu ya mzee, likawashukia na vumbi la miaka yote. Huko nje watu wakaangua kicheko, huku ndani giza. Nyundo Mbili akapapasa, akagusa vichwa vya misumari yake, akajua. Vidole haviing'oi misumari ile, na kichuma cha kung'olea kilikuwa kimebaki kwenye mfuko wake wa kazi, karakana. Akatambaa, akatoka mlango wa nyuma, akachapa mbio.

Alikimbia, ndiyo. Hilo hajawahi kulikana. Lakini alikimbia akijua anarudi, na alirudi, kichuma mkononi, pumzi juu juu. Akakuta ukumbi una kufuli, na watu njiani wanamzomea wakisema shemeji yake amewatangazia kwamba mpiga dramu kakimbia, waende nyumbani.

Wiki ile ile shemeji akapanda basi kwenda kupiga muziki kwenye mahoteli ya mbali, na Stuli Tatu ikafa. Nyundo Mbili alilishona pazia bila kutumwa, akarudi kwenye makochi. Akazaa, akalea, akajenga, akafundisha wengine kazi. Leo ukiingia ofisi yoyote ya mji ule, hata ya mkuu wa mji, kuna uwezekano mkubwa umekalia mikono yake. Lile neno la kukimbia lilimfuata mitaani, naye akalizoea kama alivyozoea vumbi la sponji. Lakini shemeji alirudi mwaka huu na mvi zake, akafufua kundi, akakodi mpiga dramu, na yeye mwenye stuli hakuulizwa hata kwa salamu. Alichokitaka Nyundo Mbili siku hiyo kilikuwa kitu kimoja: kiti chake na ule wimbo, leo, ndani ya ukumbi ule ule.

Alipotoka redioni alimkuta mumewe uani, anapangusa besi.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua ana mpiga dramu," mume alijibu. "Sikujua ana na redio."

"Na ukanyamaza, baba watoto."

"Mambo ya mdogo wangu na mke wangu, mimi nikiingia natoka bila meno."

"Wewe uliona siku ile. Ungesema."

"Niseme niliona nini? Nilikuwa chini ya pazia, nakohoa." Alilaza besi ndani ya boksi lake. "Ila tunajaribu vyombo sasa hivi kule ukumbini. Lori lina nafasi."

Walikuta dramu zimeshapangwa jukwaani. Mpiga dramu wa kukodi, jibaba lenye jasho na tabasamu, alikuwa anajaribu, na kila akikanyaga dramu ya mguu ilikuwa inasogea, naye anasogeza stuli kuifuata. Stuli yenyewe ilikuwa ile ya ngozi ya bandia nyekundu. Nyundo Mbili aliitambua kutoka mlangoni.

"Shemeji!" Mpiga gitaa alifungua mikono juu ya jukwaa, suruali imembana kama soseji, mvi zimefungwa kisogoni. "Umekuja kusikiliza au umekuja kukimbia?"

"Nimekuja kukutazama hiyo suruali inavyoteseka. Shuka chini."

"Panda wewe."

Alipanda. Mzee Funguo alikuwa pembeni anapaka kamba ya pazia mafuta, mumewe akawa na shughuli nyingi sana na waya wa besi.

"Kwa nini unazidi kuwaambia watu nilikimbia?"

"Kwa sababu ulikimbia. Nilikuona kwa macho haya, unatoka mlango wa nyuma kama umemwagiwa maji ya moto. Sasa ningesema uliruka na mabawa?"

Alitaka kumjibu, neno lilikuwa tayari ulimini, lakini jicho lake likatua kwenye mkanda wa gitaa. Pale mkanda unaposhikana na ubao wa gitaa palikuwa na msumari mfupi wa kichwa bapa, umechakaa mpaka unang'aa.

"Huo msumari ni wangu."

Shemeji aliufunika kwa kiganja, kisha akaona haina maana, akautoa mkono. "Ni wako. Mingine niliitupa mtaroni. Niliing'oa yote kwa kisu cha mfukoni, kabla mzee hajawasha taa."

"Uling'oa wewe?" Miaka yote alidhani ni Mzee Funguo. Siku aliyokuja kushona pazia alikuta matundu tu.

"Sasa ningeiacha? Wewe umeshatoroka kwa aibu..."

"Aibu gani? Nilifuata kichuma! Nirudi ning'oe, tumalizie wimbo. Nikarudi nikakuta kufuli."

Mpiga dramu wa kukodi aliacha kugonga. Kwa mara ya kwanza tangu arudi mjini, shemeji alionekana umri wake.

"Ulirudi?"

"Muulize kaka yako kama sikurudi nyumbani na kichuma mkononi nalia kwa hasira."

"Alirudi nacho," mumewe alisema kutoka kwenye waya. "Alitaka kukupiga nacho."

"Na hukuniambia!"

"Hukuuliza."

Shemeji alikaa juu ya spika. "Mimi nilifikiri hivi, shemeji. Watu wanadai wimbo wao, wanapiga miguu. Nikisema ukweli, kwamba fundi wetu wa makochi katupigilia na pazia, kesho nani atakupelekea kochi? Atasema huyu hajui zulia na pazia, atanipigilia na mtoto. Mwoga anakula. Fundi mbovu hali. Nikachagua uwe mwoga. Nikaona nimekuokoa."

Nyundo Mbili alihesabu haraka, siyo fedha, alihesabu milango iliyomfungukia: ofisi, hoteli, nyumba za wakubwa, ukuta wa redio. Ni kweli walimcheka mbio zake. Kazi yake hakuna aliyewahi kuicheka. Na sasa, ili afutwe ukimbizi hewani, ilimpasa aseme alichokifanya kwa nyundo yake, mji mzima ukiwa umetega sikio.

"Kwa hiyo," ilisema sauti nyembamba pembeni, "kile chuma changu hakikuwa kimeoza?"

Walikuwa wamemsahau Mzee Funguo. Alikuwa amesimama na kopo la mafuta.

"Hakikuoza, mzee," alisema Nyundo Mbili.

"Mimi nilisimamishwa katikati ya ukumbi huu na wakubwa wangu, wakaniambia mzembe, sikagui vyuma. Tangu siku hiyo nakipanda kila Jumatatu kukigusa. Kila Jumatatu, mama. Na magoti haya."

"Mbona hukuwahi kuniuliza nilipokuja kushona?"

"Mimi huwa naulizwa funguo tu. Kuuliza si kazi yangu."

Hapo hesabu yote ya milango ikaisha. Nyundo Mbili alivuta nyundo kiunoni, akamgeukia shemeji yake.

"Mwambie mtangazaji wako ushahidi umepatikana. Na huyu baba mwenye jasho atapumzika wimbo mmoja. Unapenda kupumzika, kaka?"

"Sana," alisema mpiga dramu wa kukodi, akiinuka tayari.

"Shemeji, fikiri," mpiga gitaa alisema. "Makochi."

"Aliyekalia kochi langu anajua mwenyewe kama linamshika au linamwangusha. Hahitaji redio."

Jioni ukumbi ulijaa, wengi wao watu wa umri wenye viuno vya kuuma, na watoto wao walioletwa kuonyeshwa ujana wa wazazi. Stuli Tatu walipiga nyimbo zote za zamani. Mpiga dramu wa kukodi alikimbizana na dramu yake kwa uaminifu. Ulipobaki wimbo mmoja pazia likafungwa, na mtangazaji akatokea mbele yake na kipaza sauti, ndevu zimenyooka.

"Siku kama ya leo," alianza, na watu wakapiga makofi kwa sababu waliijua sauti. "Asubuhi nilisema jambo ambalo halikukamilika. Mwenyewe yupo, atalikamilisha."

Nyundo Mbili alitoka na aproni yake. Mtu nyuma akapaza sauti, "Shikeni mlango, asikimbie!" Ukumbi ukacheka.

"Cheka upesi umalize," alisema kwenye kipaza sauti, "maana kuna la kuchekesha zaidi. Siku kama ya leo, ndani ya ukumbi huu, mimi nilipiga misumari pazia la watu. Nililipigilia sakafuni pamoja na zulia, kwa mikono hii inayowavalishia makochi yenu. Mzee Funguo akavuta, likaanguka lote. Chuma hakikuoza, mzee hakuzembea, na aliyemwita mzembe kama yupo humu na aje amwamkie. Mimi nilikimbia kufuata kichuma cha kung'olea. Nikarudi, mkawa mmeondoka. Sasa nani hapa mwoga, mimi au nyinyi mliokwenda kulala kabla wimbo haujaisha?"

Kilitokea kicheko ambacho hakikuwa kile cha kwanza. Kilianza kwa wazee wa mbele, kikapanda mpaka madirishani, na hakikuwa na ncha. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Fundi! Kochi langu umelipigilia na nini?"

"Na mumeo! Ndiyo maana habanduki!"

Ukumbi haukukalika tena. Mtangazaji alichukua kipaza sauti akiwa anafuta machozi, akasema kwa sauti ambayo kwa mara moja haikuwa laini, "Imesahihishwa."

Nyuma ya pazia Nyundo Mbili aliketi kwenye stuli yake nyekundu. Ngozi ilikuwa imepasuka ukingoni, akaipapasa, akaona ni kazi ya saa moja tu. Kisha akainama, nyundo zake mbili kando, akaweka misumari mdomoni, akatandika zulia chini ya dramu ya mguu. Shemeji yake na mumewe walisimama wakimwangalia mikono. Alipeleka kiganja mbele ya zulia, kutafuta upindo wa pazia.

Haukuwepo. Mzee Funguo alikuwa amepiga magoti, yale yale ya kila Jumatatu, ameukusanya upindo wote mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Piga," alisema. "Nimelishika."

Akapiga. Nyundo zikalia sakafuni, na mumewe, bila kuambiwa, akaanza kuzifuata kwa besi, mapigo yale yale, kwa sababu wimbo ule ulizaliwa hivyo. Watu upande wa pili wakasikia, wakaanza kupiga makofi kabla hawajaona kitu. Mzee aliinuka, akavuta kamba kwa mkono mmoja. Pazia likafunguka laini kama mafuta aliyoipaka kamba.

"Simama nikae," aliimba Nyundo Mbili, na sauti yake ilikuwa imenenepa kwa miaka ya sponji na watoto, "simama nikae, kiti kina mwenyewe." Dramu haikusogea hata unywele. Gitaa la shemeji lililia, msumari ukang'aa kifuani mwake, na walipofika pale pa kurudia, watu waliokuwa vijana siku ile wakaimba na wao, ingawa hakuna aliyewahi kuusikia wimbo huo. Maneno yake ni machache, yanashikika.

Ulipoisha alibaki ameketi, anatweta, nywele zimejaa nyuzi. Shemeji alimjia na kiganja wazi. Alikuwa ameung'oa msumari kwenye gitaa.

"Wako huu."

"Baki nao. Mkanda utakudondokea."

Mzee Funguo alikuwa pembeni, kamba mkononi, anasubiri kama alivyosubiri siku ile.

"Nifunge?"

"Bado nadaiwa, mzee?"

Mzee alimtazama, akatazama chuma kule juu, ambacho Jumatatu ijayo hakikuwa na sababu tena ya kupandwa.

"Hudaiwi," alisema, akavuta.